Maneno ya ski ya kuyajua kabla hujapanda mlimani

Kwenye vituo vikubwa vya ski, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni (nazo huitwa ski), wapokeaji wageni, wauza tiketi na walimu wengi wanaongea Kiingereza, kwa hiyo ni rahisi kudhani huhitaji neno hata moja la wenyeji. Lakini kibao cha njiani, ubao wa umeme kwenye kituo cha lifti inayopandisha watu mlimani na tangazo la kipaza sauti haviulizi unaelewa lugha gani. Kibao unakisoma kwa sekunde mbili huku unateleza, na pembeni hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana hapa hatuanzi na salamu. Tumechagua maneno ambayo usipoyajua yanakugharimu: buti linalobana kutwa nzima, lifti ya mwisho iliyokupita, njia iliyofungwa, na maumivu uliyoshindwa kuyaeleza.

Kuhusu matamshi, anayeongea Kiswahili ana bahati. Irabu za Kiitaliano, Kihispania na Kijapani ziko karibu sana na a, e, i, o, u zetu, kwa hiyo soma kama zilivyoandikwa na utaeleweka. "Ch" ya Kijerumani katika Achtung itamke kama kh ya "sheikh". "C" ya Kihispania cha Hispania, ikifuatwa na e au i, ni th ya "thelathini"; Chile na Argentina ni s tu. Kifaransa ndicho chenye mitego, kwa kuwa herufi nyingi za mwisho hazitamkwi, hivyo tumeweka matamshi pale yanapohitajika. "Zh" hapa ni j laini ya Kifaransa. Na neno "ski" lenyewe: Wajerumani, Waaustria na Wanorwe hulitamka "shi", Waitaliano huandika sci na kulitamka "shi" vilevile, Wahispania husema esquí, Wajapani sukī. Ukisikia "shipas" dirishani, ni tiketi ya lifti.

Duka la kukodi vifaa

Kibao cha duka ni location de skis kwa Kifaransa, Skiverleih kwa Kijerumani, noleggio sci kwa Kiitaliano, alquiler de esquís kwa Kihispania, skiutleie kwa Kinorwe, na レンタル (rentaru) Japani. Mahali tusipotaja lugha, mpangilio ni huohuo, hata pale Kinorwe kinaporukwa.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako, kisha atapima mwenyewe urefu wa soli ya buti. Haulizi kwa udadisi. Namba hizo ndizo zinazoamua nguvu ya vifungio vinavyoshikilia buti kwenye ski, yaani ile namba ya DIN inayoonekana kwenye kidirisha kidogo cha kifungio. Ukijipandisha kiwango, kifungio kinakazwa kuliko inavyofaa, na siku ukianguka polepole hakifunguki, goti ndilo linalopinda. Ukipunguza uzito kwa aibu, kinafunguka katikati ya kona bila sababu. Mgeni katika mchezo aseme tu débutant (debütan), Anfänger, principiante (Kiitaliano na Kihispania ni neno lilelile), au shoshinsha. Namba usihangaike kuzitamka. Sabini kwa Kifaransa ni soixante-dix, "sitini-na-kumi", na kwenye kelele za duka inasikika kama sitini. Andika kwenye karatasi: 70 kg, 175 cm, miaka 34.

Saizi ya buti ni urefu wa wayo kwa sentimita. Egemeza kisigino ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, pima. Wayo wa sentimita 26.5 ni buti namba 26.5, ambalo liko karibu na kiatu cha kawaida cha 42 cha Ulaya. Kwa kawaida 26 na 26.5 hutumia ganda moja la plastiki, kwa hiyo kubadilishiwa nusu saizi mara nyingi hakubadilishi kitu. Vaa soksi moja tu, nyembamba na ndefu, na usiingize suruali ndani ya buti.

Hapa ndipo maneno machache yana faida kuliko mahali pengine popote mlimani, kwa sababu kosa la dukani linakufuata hadi jioni. Ukisimama wima, vidole vinatakiwa viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea mbele, virudi nyuma. Kwa hiyo usilalamike kabla hujafunga vishikizo vyote na kuinama. Baada ya hapo kuna malalamiko matatu:

Linabana: trop serré (tro sere), zu eng (tsu eng), troppo stretto, demasiado apretado, kitsui.
Ni kubwa: trop grand (tro gran), zu groß (tsu gros), troppo grande, demasiado grande, ōkii.
Kisigino kinanyanyuka: le talon se soulève, die Ferse hebt sich, il tallone si alza, el talón se levanta, kakato ga uku.

Yatofautishe. Mtu ambaye buti linambana ubavuni akisema "dogo", analetewa refu zaidi. Refu linaacha kisigino kicheze, anakaza vishikizo ili kukituliza, vishikizo vinakandamiza juu ya mguu, na baada ya lifti mbili vidole vimekufa ganzi. Tatizo lilikuwa upana, dawa iliyotolewa ni urefu. Gusa mahali penyewe kwa kidole na useme "hapa": ici (isi), hier, qui, aquí, koko. Fundi mzuri atatafuta buti la umbo lingine lenye urefu uleule.

Vitu vingine utavionyesha kwa kidole tu: fimbo ni bâtons, Stöcke, bastoncini, bastones, sutokku, helmeti ni casque, Helm, casco kwa Kiitaliano na Kihispania, na herumetto. Italia helmeti si hiari tena. Tangu Novemba 2025 ni lazima kwa kila mtu wa umri wowote kwenye njia za ski.

Tiketi

Ufaransa na Hispania ni forfait (Kifaransa: forfe, Kihispania: forfait au forfet). Austria, Ujerumani, Uswisi na Italia ni skipass. Norwe ni heiskort, Japani リフト券 (rifuto-ken). Nusu siku ni demi-journée, Halbtageskarte, mezza giornata, medio día, hannichi-ken. Kadi huwekwa mfuko wa kushoto, mbali na simu, maana kisomaji cha mlangoni huwa upande huo.

Ufaransa utaulizwa "avec ou sans assurance?", yaani na bima au bila. Sikiliza neno assurance na jibu avec au sans. Italia, tangu 1 Januari 2022, kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na kwa kawaida unaweza kuinunua pamoja na skipass: assicurazione RC. Kama huna nyingine, itaje kabla hujalipa.

Lifti, na saa ya mwisho

Maneno ya lifti yanafanana hadi yanapotosha. Kihispania telesilla (telesiya) ni lifti ya viti. Telesquí ni ile inayokuburuta ukiwa umesimama juu ya ski. Kifaransa ni télésiège (telesiezh) na téléski. Kijerumani Sessellift na Schlepplift. Kiitaliano seggiovia na sciovia. Chile lifti ni andarivel. Mgeni kabisa aulize mkanda wa chini unaobeba watu: tapis (tapi) kwa Kifaransa, Zauberteppich kwa Kijerumani, tapis roulant kwa Kiitaliano, cinta kwa Kihispania. Ukikosea ukafika kwenye lifti ya kuburuta, kumbuka fimbo yake inayokuvuta si kiti. Anayeikalia huenda chini papo hapo. Simama magoti yakiwa yamelegea, iache ikuvute, na ukianguka iachie na utoke njiani upesi kwa kuwa nyuma yako kuna mwingine.

Kwenye lifti ya viti, vibao viwili vinafuatana karibu na juu. Kifaransa husema relevez le garde-corps, inua chuma cha kujikinga. Kisha relevez les spatules, inua ncha za ski. Kijerumani ni Bügel öffnen na Skispitzen anheben. Ncha zisipoinuliwa hukwama kwenye ukingo wa jukwaa na kiti kinakusukuma kwa nyuma. Kibao cha kwanza kinakuja mapema, na hakuna haja ya kufungua chuma kabla yake.

Sasa neno linaloacha watu mlimani. Kwenye vituo vya Kijerumani kuna Bergfahrt, Talfahrt na Talabfahrt. Bergfahrt ni kupanda kwa lifti. Talfahrt ni kushuka ukiwa ndani ya lifti. Talabfahrt, lenye "ab" katikati, ni njia ya kuteleza hadi bondeni. Ubao ukisema Talabfahrt gesperrt, usitegemee kushuka kwa ski. Theluji ya chini imeyeyuka au kuna hatari, na utashuka kwa gondola, yaani lifti ya vibanda. Hapo saa inayokuhusu ni Letzte Talfahrt, gondola ya mwisho kushuka, wala si Letzte Bergfahrt. Saa hizo mbili hutofautiana, na ukishika isiyo yako unafika mlangoni umefungwa. Kifaransa ni dernière montée kwa kupanda na dernière descente kwa kushuka. Kiitaliano ultima salita na ultima discesa. Japani tafuta 最終 (saishū), ya mwisho, na 運休 (unkyū), lifti imesimama, mara nyingi kwa ajili ya upepo.

Maeneo yanayounganisha mabonde kadhaa yanahitaji neno jingine: kiungo, yaani liaison, Verbindung, collegamento. Ukivuka bonde na kiungo kikafungwa nyuma yako, kurudi ni kwa gari kuzunguka mlima, safari ndefu na ghali. Mzunguko wa Sellaronda katika milima ya Dolomites, Italia, ni mfano mzuri: vibao vya rangi ya chungwa vinakupeleka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, vya kijani kinyume chake. Kule pia mahali pamoja pana majina mawili au matatu. Val Gardena ndiyo Gröden, na kwa Kiladini, lugha ya wenyeji, Gherdëina. Selva ndiyo Wolkenstein. Ortisei ndiyo St. Ulrich. Andika majina yote ya kijiji unacholala, vinginevyo utapita kibao chako bila kukitambua. Mlima Matterhorn wa Zermatt, Uswisi, nao, ukivuka kwenda Cervinia, Italia, unaitwa Cervino.

Rangi za njia na maneno ya kufunga

Rangi ni lugha pia, na ina lahaja zake. Ufaransa, Hispania na Norwe huanza na kijani, kisha buluu, nyekundu, nyeusi. Austria, Ujerumani, Uswisi na Italia kwa kawaida huanza na buluu. Marekani na Kanada duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, na nyekundu haipo kabisa. Japani kwa kawaida ni kijani, nyekundu, nyeusi. Kwa hiyo aliyejifunza kwenye buluu ya Austria asiichukue buluu ya Marekani kama ndugu yake. Kwa kanuni za Austria na Ujerumani, buluu haizidi mteremko wa asilimia 25 na nyekundu asilimia 40, isipokuwa vipande vifupi. Hizo ni asilimia, si nyuzi: asilimia 40 ni kama nyuzi 22.

Ukikuta Skiroute Austria, au itinéraire Uswisi, ujue njia hiyo ina alama na imelindwa dhidi ya maporomoko, lakini haisawazishwi kwa mashine na askari wa njia hawaipitii jioni kuangalia nani kabaki. Njia iliyosawazishwa ni damée, präpariert, battuta, pisada, na Japani 圧雪 (assetsu). Ukiona alama 非 mbele yake, 非圧雪, maana imegeuka: haijasawazishwa. Vichuguu vya theluji ni bosses, Buckel, gobbe, bañeras, kobu. Barafu ngumu ni glace, Eis, ghiaccio (giacho), hielo (yelo), aisubān.

Hilo la mwisho si Kijapani cha asili. Limetoka Kijerumani, kama sutokku ya fimbo, gerende ya uwanja wa ski na bōgen ya kufunga breki kwa umbo la V. Theodor von Lerch, ofisa wa jeshi la Austria-Hungaria, alifundisha ski kwa wanajeshi wa Takada, mkoani Niigata, mwaka 1911, na maneno ya Kijerumani yakakaa. Anayekwenda Japani akitokea milima ya Alps ya Ulaya tayari anayo nusu ya msamiati.

Imefungwa: fermé, gesperrt, chiuso au chiusa, cerrado au cerrada, stengt. Japani jifunze alama mbili tu, 禁止 (kinshi), marufuku. Zikitanguliwa na 立入 ni marufuku kuingia, zikitanguliwa na 滑走 ni marufuku kuteleza. Kamba yenye maneno hayo haivukwi hata kama upande wa pili kuna nyayo za watu.

Neno ambalo vitabu vya maneno hulisahau ni la jioni. Baada ya lifti kufungwa, mashine za kusawazisha hupanda miteremko mikali zikijivuta kwa waya wa chuma uliofungwa juu. Waya huo una unene wa kama sentimita moja, urefu wake unaweza kufika kilomita 1, na hulala kwenye theluji kisha ghafla hukazika hewani. Gizani hauonekani, na umeua watu. Kifaransa ni treuil (treuy), Kijerumani Seilwinde, Kiitaliano verricello. Ukiona neno hilo, teremka kwa njia nyingine au kwa lifti.

Maporomoko ya theluji: avalanche, Lawine, valanga, alud, skred, 雪崩 (nadare). Ulaya hutumia kipimo cha madaraja 5. Kifaransa: faible, limité, marqué, fort, très fort. Kijerumani: gering, mäßig, erheblich, groß, sehr groß. Kiitaliano: debole, moderato, marcato, forte, molto forte. Kosa kubwa ni kusoma 3 kati ya 5 kama "wastani". Marqué, erheblich na marcato maana yake ni hatari iliyo dhahiri, ambapo mtu mmoja anaweza kuliporomosha bamba la theluji kwa uzito wake tu. Sehemu kubwa ya vifo vya maporomoko katika Alps hutokea siku za daraja hilo, kwa kuwa la 4 na la 5 huwaogopesha watu wakabaki ndani. Nje ya njia zilizolindwa, yaani hors-piste au fuoripista, usitoke siku hiyo bila mwongoza njia.

Ukiumia

Mwokoaji akikufikia, swali la kwanza huwa ça va? au alles okay? au tutto bene? au daijōbu desu ka? Hapa tabia yetu ya kujibu "nzuri" hata tukiwa hoi inaweza kutuponza. Ukirudisha ça va au daijōbu kwa adabu, umesema uko salama, naye anaondoka. Sema hapana kwanza, kisha mahali panapouma:

Kifaransa: Non, j'ai mal au genou (zhe mal o zhenu), goti linauma.
Kijerumani: Nein, mein Knie tut weh (main kni tut ve).
Kiitaliano: No, mi fa male il ginocchio (jinokio).
Kihispania: No, me duele la rodilla (me duele la rodiya).
Kijapani: Hiza ga itai.

Badilisha goti kwa kiungo kingine. Bega ni épaule, Schulter, spalla, hombro, kata. Kichwa ni tête, Kopf, testa, cabeza, atama. Na usisahau kidole gumba: pouce, Daumen, pollice, pulgar, oyayubi. Anayeanguka huku ameshika fimbo mara nyingi huumiza kano za gumba, halafu hulipuuza kwa sababu anaweza bado kutembea.

Msaada! ni au secours (o sekur), Hilfe, aiuto, socorro, hjelp, tasukete. Namba ya dharura Ulaya ni 112. Austria waokoaji wa milimani wana 140, Uswisi helikopta za Rega ni 1414, gari la wagonjwa Norwe ni 113 na Japani 119. Simu ikipokelewa, taja njia kwanza. Ufaransa nguzo za pembeni zina rangi ya njia na namba zinazopungua kadiri unavyoshuka, na zile za kulia zina kichwa cha rangi ya chungwa. Sema jina la njia na namba ya nguzo iliyo karibu: piste fulani, jalon numéro sept. Taarifa hiyo inawaleta haraka kuliko maelezo marefu ya ulivyoanguka.

Wakati wa kusubiri, chomeka ski mbili kwenye theluji kwa umbo la X, kama mita 10 juu ya majeruhi, ili wanaoshuka wapishe. Alama hiyo inaeleweka kila nchi. Kwa helikopta, mikono yote miwili juu ni "ndiyo, tunahitaji msaada". Mmoja juu na mwingine chini ni "hapana". Usiipungie kwa furaha mkono mmoja.

Maneno haya yaandike kwenye karatasi ndogo pamoja na namba ya bima na jina la kijiji unacholala, uitie kwenye mfuko wa ndani. Betri ya simu hupungua upesi kwenye baridi kali, na kidole chenye ganzi hakifungui skrini.